Nikeli ya Dutwa isiuzwe kwa uvumi

Msafiri anayetoka Lamadi kwenda Bariadi hupita Dutwa, na pembeni mwa barabara huona vilima ambavyo mkulima wa pamba hakuvitegemea kwa jambo kubwa zaidi ya malisho na kuni. Mwaka 2008 vilima hivyo viliingia katika kurasa za biashara za London, baada ya kampuni ya Uingereza ya African Eagle kutangaza kwamba imegundua nikeli Dutwa. Uchorongaji wa miaka iliyofuata ulionyesha mamilioni ya tani za mwamba wenye madini hayo katika kilima cha Wamangola na kile cha Ngasamo, upande ambao leo ni Wilaya ya Busega. Kiwango chake kilikuwa chini kidogo ya asilimia moja, na ndani yake kulikuwa na kobalti kidogo.

Kilichofuata wakazi wanakijua. Mei 2007 tani moja ya nikeli ilikuwa imeuzwa kwa zaidi ya dola 50,000 za Marekani katika soko la London. Mwisho wa mwaka 2008 ilikuwa imeshuka chini ya dola 10,000. Ilipanda tena, ikashuka tena, na ilipofika mwaka 2013 kampuni ilikuwa imekosa fedha za kuendelea. Mradi ukasimama. Kwa mwenye duka la Dutwa aliyekuwa akihesabu wateja wa mgodi, hesabu hiyo ikafutika.

Sasa nikeli imerudi katika habari kwa mlango mwingine kabisa, nao ni mlango wa maabara. Tangu mwaka 2019 wanasayansi wa Marekani, China na kwingineko wamekuwa wakionyesha kwamba nikeli, ikichanganywa na oksijeni na madini mengine kwa namna maalumu, inaweza kupitisha umeme bila kupoteza hata chembe. Habari ya namna hiyo haikawii kufika gulioni, na ikifika huwa imeota mbawa. Mkoa unaowafahamu wachimbaji wanaotafuta dhahabu usiku na mchana, na watu wanaochimbua mashamba ya wenzao wakitafuta mali za Mjerumani, hauhitaji dalali mwingine mwenye begi la mawe na hadithi ya "madini ya kompyuta mpya". Kwa hiyo ni vema jambo lenyewe lielezwe kama lilivyo.

Umeme ukipita katika waya wa kawaida hukutana na ukinzani. Sehemu ya nguvu yake hugeuka joto, ndiyo maana waya mwembamba uliobebeshwa pasi na jiko kwa pamoja huungua. Jambo hilo hilo hutokea katika nyaya kubwa zinazokatiza nchi. Umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, huzalishwa mto Rufiji, na mwenye mashine ya kukoboa mpunga Bariadi yuko mamia ya kilomita kutoka hapo. Katika gridi ya Taifa, kati ya kila uniti 100 zinazozalishwa, zaidi ya 10 hazimfikii mteja anayelipa. Nyingine huibwa, lakini nyingi huishia njiani kama joto. Gharama ya uniti hizo imo ndani ya bei anayolipa aliyefikiwa.

Kuna mata ambazo ukinzani huo hutoweka kabisa zinapopozwa vya kutosha. Huitwa supakondakta, na kondakta hapa hahusiani na yule wa daladala. Ni neno la kitaalamu lenye maana ya kitu kinachopitisha umeme. Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes aliligundua jambo hilo mwaka 1911 mjini Leiden alipopoza zebaki hadi nyuzi 269 chini ya sifuri. Baridi hiyo aliipata kwa gesi ya heliamu iliyogeuzwa kimiminika, kazi aliyoifanikisha miaka mitatu kabla. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Kwa miaka 75 ugunduzi huo ulibaki mfungwa wa baridi kali. Heliamu ni adimu na ghali, na hakuna nchi iliyoweza kupoza nyaya zake za umeme kwa gesi hiyo. Mashine za MRI ndizo ziliweza kubeba gharama. Mgonjwa anapoingizwa katika mashine hiyo, sumaku kubwa inayomzunguka imetengenezwa kwa nyaya za niobiamu na titaniamu zilizozamishwa katika heliamu. Niobiamu ipo Panda Hill mkoani Mbeya na imejulikana tangu miaka ya 1950. Heliamu ilitangazwa kugunduliwa Bonde la Rukwa mwaka 2016, na visima vilivyochorongwa huko baadaye vimeithibitisha. Kwa maneno mengine, Tanzania ina viungo viwili vya mashine ambayo hospitali zake hununua kutoka nje kwa mabilioni ya shilingi.

Mwaka 1986 mambo yalibadilika. Watafiti wawili wa kampuni ya IBM mjini Zurich, Georg Bednorz na Alex Müller, waligundua supakondakta iliyotengenezwa kwa shaba na oksijeni. Mwaka uliofuata wenzao wa Marekani walipata ya jamii hiyo hiyo ambayo haihitaji heliamu. Huitosha baridi ya naitrojeni kimiminika, yaani nyuzi 196 chini ya sifuri.

Baridi hiyo si ngeni kwa mfugaji. Ndiyo iliyomo katika mtungi ambao mtaalamu wa uhimilishaji huubeba nyuma ya pikipiki, ukiwa na mbegu za madume bora kutoka kituo cha Usa River. Akifungua kifuniko, moshi mweupe hutoka na mrija wa mbegu hutolewa kwa koleo. Kipande cha supakondakta ya shaba kikitumbukizwa katika mtungi huo huo kitaanza kupitisha umeme bila ukinzani, na sumaku ndogo ikiwekwa juu yake itaelea hewani. Nyaya za aina hiyo zimekwisha kufukiwa chini ya miji. Essen nchini Ujerumani uliweka ya kilomita moja mwaka 2014, na Shanghai nchini China ikaweka ya kilomita 1.2 mwaka 2021. Zote zilipozwa kwa naitrojeni, ambayo hutolewa katika hewa ya kawaida na bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na heliamu.

Nikeli inaingia hapa. Katika jedwali la elementi nikeli ni jirani wa shaba, na kwa miaka mingi wanasayansi waliamini kwamba kama shaba inaweza, na jirani yake ataweza. Iliwachukua zaidi ya miaka 30. Mwaka 2019 kundi la Harold Hwang na Danfeng Li katika Chuo Kikuu cha Stanford lilitengeneza utando mwembamba wa nikeli, oksijeni, strontiamu na neodimiamu, ambayo ni moja ya madini adimu yaliyopo pia Ngualla mkoani Songwe. Utando huo ulipoteza ukinzani kwenye nyuzi kama 260 chini ya sifuri. Baridi bado ilikuwa kali mno, lakini mlango ulikuwa umefunguka.

Mwaka 2023 watafiti wa China, wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, walitumia nikeli pamoja na lanthanamu na kufika nyuzi kama 193 chini ya sifuri. Yaani mtungi wa mtaalamu wa mifugo ungetosha. Kikwazo ni kwamba jiwe lao lilifanya kazi likiwa limebanwa kwa shinikizo linalozidi lile la hewa ya kawaida mara zaidi ya 100,000, na shinikizo kama hilo hupatikana kwa kubana chembe kati ya ncha mbili za almasi. (Almasi tena. Mwadui hauko mbali na Maswa.) Hakuna mtu atakayefukia waya uliobanwa kwa almasi. Ndiyo maana kulikuwa na shangwe pale watafiti wa Marekani na wa China, kati ya mwisho wa mwaka 2024 na mwaka 2025, walipotengeneza tando za jamii hiyo zinazofanya kazi bila kubanwa. Baridi iliyohitajika ni ya nyuzi zipatazo 230 chini ya sifuri. Hatua inayotafutwa sasa ni kuunganisha hayo mawili: itoshe baridi ya naitrojeni, na pasiwe na kubana.

Kwa nini nikeli na shaba hufanya hivyo, wanasayansi wenyewe hawajakubaliana. Wanajua kwamba elektroni, ambazo kwa kawaida hupigana vikumbo kama watu mnadani, huanza kwenda wawili wawili na mwendo wao ukawa mmoja. Ni nini kinachozifunga pamoja katika mata hizi ndiyo hoja inayobishaniwa. Nikeli inathaminiwa katika maabara kwa sababu hiyo zaidi ya nyingine yoyote: ni shahidi wa pili katika kesi ambayo shaba ilikuwa shahidi pekee.

Mkulima wa Bariadi ana swali lake: je, bei ya kilima imepanda? Jibu ni hapana, na si vizuri kulizungusha. Utando mmoja wa maabara una nikeli isiyofikia uzito wa chembe ya chumvi. Nikeli inayotumiwa na maabara kwa utafiti huo ni kidogo mno ikilinganishwa na ile ya viwandani. Bei ya nikeli huamuliwa na viwanda vya chuma kisichoshika kutu, vile vinavyotengeneza masinki, vijiko na matangi ya maziwa, na baada yake betri za magari ya umeme. Juu ya hayo, Indonesia sasa inatoa zaidi ya nusu ya nikeli yote ya dunia, na wingi huo umeibana bei. Machi 2022 bei ilivuka dola 100,000 kwa tani kwa muda mfupi hadi soko la London likasimamisha biashara hiyo, lakini haikudumu. Yeyote atakayekuja Dutwa na kusema kwamba supakondakta zimefanya mawe ya Wamangola kuwa dhahabu anatafuta mjinga.

Na katika utafiti huu wenyewe kuna somo ambalo mkulima wa pamba atalielewa kuliko mtu mwingine yeyote. Julai 2023 watafiti wa Korea Kusini walitangaza kwamba wamepata supakondakta isiyohitaji baridi wala kubanwa, iliyotengenezwa kwa risasi, shaba na fosforasi. Waliipa jina LK-99. Dunia ilitikisika, na hisa za baadhi ya kampuni zikapanda. Maabara nyingine zikaitengeneza upya na kuipima, na kabla Agosti haijaisha jibu lilikuwa limepatikana: haikuwa supakondakta, bali uchafu wa shaba na salfa uliokuwamo ndio uliowadanganya wapimaji. Novemba mwaka huo huo jarida la Nature liliondoa makala nyingine ya watafiti wa Marekani iliyokuwa na dai la namna hiyo.

Huko ni kupima kwa mizani ya pili. Hakuna eneo nchini linalojua thamani ya mizani ya pili kama Simiyu, mkoa unaoongoza kwa pamba. Mkulima anajua kwamba robota lililopimwa na mnunuzi peke yake lina kilo za mnunuzi. Mnunuzi naye anajua habari ya maji na mchanga ndani ya gunia, kwa hiyo lawama haiko upande mmoja. Ndiyo sababu ya kuwapo stika ya Wakala wa Vipimo. Katika madini, mizani ya pili ni maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyopo Dodoma, ambayo hupima sampuli ya mtu yeyote kwa malipo na kumpa karatasi yenye majibu. Mwenye shamba lenye mawe yanayosifiwa aanze huko kabla ya kutia saini yoyote.

Sheria nayo ijulikane. Madini yaliyo chini ya ardhi ni mali ya umma chini ya usimamizi wa Serikali, lakini ardhi ya juu ina mwenyewe, na mwenye leseni ya madini hana ruhusa ya kuvuruga shamba bila kukubaliana na mwenyewe juu ya fidia. Leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa Watanzania tu. Ardhi ya kijiji haigawiwi na mwenyekiti peke yake nyumbani kwake jioni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Na uvumi wa madini unaua: Januari 2024 ardhi iliporomoka katika machimbo ya dhahabu ya Ng'alita wilayani Bariadi na watu 22 wakapoteza maisha.

Hayo ni ya tahadhari. Lakini kusema kwamba nikeli haina la kuwafaa watu wa Simiyu itakuwa kosa la upande wa pili.

Siku moja bei itapanda na mwekezaji atarudi Dutwa, awe yule yule au mwingine. Halmashauri za Bariadi na Busega zinatakiwa kuwa na maswali yao mkononi kabla hajafika. Nikeli ya Dutwa imo katika mwamba uliooza, na namna iliyopangwa ya kuitoa ilikuwa kuuyeyusha kwa asidi ya salfa. Asidi inahitaji maji, na baada ya kazi huacha tope. Katika mkoa ambao malambo hukauka kiangazi na ng'ombe huhamishwa, swali la kwanza lisiwe ajira ngapi. Liwe maji yatatoka wapi na tope litalazwa wapi, ikizingatiwa kwamba mito ya upande huu huishia Ziwa Victoria. Ushuru wa huduma ni haki ya halmashauri, na hisa ya Serikali isiyopungua asilimia 16 ipo kisheria, lakini lambo likishaingiwa na asidi hakuna ushuru utakaolirudisha.

Swali la pili ni wapi nikeli itasafishwa. Pamba imelifundisha hili kwa uchungu. Sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii huondoka ikiwa marobota na kurudi ikiwa khanga na mashati, na bei ya mkulima hubaki kuamriwa na soko ambalo hajawahi kuliona. Mwaka 2019, bei ya shambani ilipowekwa shilingi 1,200 kwa kilo na ile ya dunia ikashuka, wanunuzi walisuasua na wakulima walikaa miezi wakisubiri fedha zao. Makubaliano ya Januari 2021 kuhusu nikeli ya Kabanga wilayani Ngara yalihusisha mgodi pamoja na kiwanda cha kusafishia, na mahali palipochaguliwa ni Kahama. Nikeli ya Kabanga ni bora zaidi ya maradufu ya ile ya Dutwa kwa kiwango. Kama kiwanda hicho kitasimama, viongozi wa Simiyu wana sababu ya kuuliza mapema kama kitaweza kupokea mzigo wa jirani, badala ya kungoja mtu mwingine awaamulie kwamba udongo usafirishwe kama ulivyo.

La tatu linahusu shule, na ndilo ambalo halihitaji kumngoja mwekezaji. Mkoa uliokuwa tayari kuwapa vijana wa Maswa nafasi ya kutengeneza chaki, na wa Meatu kusindika maziwa, umekwisha kuonyesha kwamba malighafi ya nyumbani inaweza kufanyiwa kazi nyumbani. Supakondakta ya shaba, ile ya mwaka 1987, siku hizi hutengenezwa na wanafunzi katika nchi nyingi. Unga wake huchanganywa kwenye kinu, hukandamizwa na kuokwa katika tanuru la nyuzi 900 na ushei kwa saa nyingi, kisha hupozwa taratibu. Naitrojeni ya kuipima ni ile ile ya uhimilishaji. Kinachokosekana katika sekondari nyingi za wilaya ni mwalimu wa fizikia na chumba cha maabara chenye zaidi ya meza tupu. Mabanda ya maonyesho ya Nanenane Nyakabindi hupambwa kila Agosti kwa matrekta na mbegu. Mtungi mmoja wa naitrojeni, kipande kimoja cha supakondakta na sumaku inayoelea vingewavuta watoto kuliko hotuba tatu, na gharama yake haifiki ile ya mahema ya wageni.

Juu ya shule kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela mjini Arusha, ambayo hufundisha sayansi ya mata hadi shahada ya uzamivu, na kuna idara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nikeli, kinywe cha Mahenge, niobiamu ya Panda Hill na heliamu ya Rukwa ni vitu ambavyo maabara za ng'ambo hununua vikiwa vimesafishwa na kufungwa katika chupa ndogo, gramu kwa gramu, kwa bei ambayo haina uhusiano na ile ya tani. Kinywe kina mfano wake tayari: mwaka 2018 watafiti wa taasisi ya MIT ya Marekani walichukua tabaka mbili za kaboni, ile ile inayotokana na kinywe, wakazilaza moja juu ya nyingine kwa kuipindisha nyuzi 1.1, na zikawa supakondakta. Kusafisha gramu 100 za nikeli hadi kufikia ubora wa maabara hakuhitaji mgodi wala mwekezaji kutoka London. Kunahitaji mkemia, tindikali kidogo, mwaka mmoja au miwili ya mtafiti kijana anayelipwa, na kilo kadhaa za mawe ya Wamangola zipakiwe kwenye basi la Arusha.